Sanduku la Maoni na Jibu Lake

Mwaka 1721 Tokugawa Yoshimune, shogun wa nane wa ukoo wake kuitawala Japani, aliamuru sanduku liwekwe mbele ya jengo la mahakama kuu mjini Edo, ambao leo ni Tokyo. Mtu wa kawaida, awe fundi, mchuuzi au mkulima, aliruhusiwa kutumbukiza humo barua yenye ushauri au malalamiko. Sanduku lilitiwa kufuli, likatolewa siku tatu maalumu kila mwezi, na barua zilimfikia shogun mwenyewe bila kupitia mikononi mwa maofisa, ambao mara nyingi ndio waliokuwa wakilalamikiwa. Sharti gumu lilikuwa moja: mwandishi ataje jina lake na mahali anapoishi. Barua isiyo na jina haikushughulikiwa.

Mojawapo ya barua za mwanzo ilitoka kwa Ogawa Shosen, tabibu wa Edo, aliyependekeza ijengwe hospitali ya maskini wasio na wa kuwauguza. Mwaka uliofuata, 1722, hospitali hiyo ilifunguliwa Koishikawa, ndani ya shamba la mitidawa la serikali, na Ogawa akapewa dhamana ya kuisimamia. Ilihudumia wagonjwa kwa takriban miaka 140, hadi utawala wa mashogun ulipoanguka. Barua nyingine, ya samurai asiye na bwana aitwaye Yamashita Konai, ilizipinga waziwazi sera za Yoshimune za kubana matumizi. Mwandishi hakuadhibiwa; alisifiwa kwa ujasiri wake.

Venice nayo ilikuwa na matundu ya barua, yaliyochongwa kwa umbo la kinywa cha simba katika kuta za kasri la mtawala, lakini yale yalikuwa ya kupeleka siri za jirani kwa dola. Chombo cha Venice kilimtia raia hofu. Cha Edo kilimfanya mtoa wazo ajulikane kwa jina, na jibu lake likaonekana na mji mzima kwa sura ya jengo lenye wagonjwa ndani. Katika historia yote iliyofuata ya mapendekezo ya watu wa chini, kazini na serikalini, hilo ndilo jambo lililoamua kama desturi itaishi au itakufa: nani anasoma, anajibu baada ya muda gani, na aliyependekeza anaona nini kikifanyika.

Kabla ya viwanda vikubwa, swali la namna ya kuchochea ubunifu wa fundi halikuwa na maana sana. Fundi alimiliki nyundo yake, tanuri lake na saa zake. Akigundua njia nzuri zaidi ya kushika chuma, faida ilikuwa yake siku hiyohiyo. Kiwanda kilikata uzi huo. Zana zikawa za mwenye mtaji, mpangilio wa kazi ukawa wa msimamizi, na fundi akabaki kuuza muda au vipande. Palipolipwa kwa kipande, aliyegundua njia ya mkato alikuwa na sababu nzuri ya kuificha, kwa kuwa mwajiri akiiona angepunguza bei ya kipande, na fundi angefanya kazi zaidi kwa ujira uleule. Maarifa mengi ya karakana za karne ya 19 yalikaa hivyo, mifukoni mwa watu waliokuwa na haki ya kuyakalia.

Mmoja wa waajiri wa kwanza kulishughulikia jambo hili kwa utaratibu ulioandikwa alikuwa William Denny, wa kampuni ya William Denny and Brothers iliyounda meli mjini Dumbarton, Uskochi. Kampuni hiyo haikuogopa mambo mapya. Ndiyo iliyomalizia meli ya tanga ya Cutty Sark mwaka 1869 baada ya waundaji wake wa awali kufilisika, na mwaka 1883 ilijenga birika refu la kupimia vielelezo vya meli majini, la kwanza kumilikiwa na kampuni ya biashara. Kazi ya birika hilo iliwahusu wahandisi. Kwa mafundi, Denny alianzisha mwaka 1880 mpango wa tuzo. Mfanyakazi aliyebuni mashine au zana mpya, aliyeboresha iliyokuwepo, aliyeonyesha namna ya kuzuia ajali au kupunguza upotevu wa vifaa, alipeleka dai lake mbele ya kamati na kulipwa fedha.

Ubora wa mpango huo ulikuwa katika kutambua aina nyingi za wazo. Zana mpya ilihesabika, lakini hata njia tofauti ya kupanga kazi ilihesabika, na usalama wa mtu uliwekwa daraja moja na faida. Denny alifariki mwaka 1887, akiwa bado na umri wa miaka 39.

Upande wa pili wa Atlantiki desturi hii ilichukua sura iliyoenea zaidi, na ilianza na hasara. John H. Patterson aliinunua mwaka 1884 kampuni iliyokuja kuitwa National Cash Register, ya mjini Dayton, jimbo la Ohio, iliyotengeneza mashine za kuhesabia na kutunzia fedha madukani. Mwaka 1894 shehena ya mashine zenye thamani ya dola 50,000 ilirudishwa kutoka Uingereza zikiwa zimeharibika. Zilikuwa zimemwagiwa asidi kiwandani kwa makusudi. Patterson alihamisha meza yake kutoka ofisini hadi katikati ya karakana ili aelewe kwa nini watu waliharibu kazi ya mikono yao wenyewe. Aliona giza, uchafu, mashine zisizo na kinga na wasimamizi wasiosikiliza. Akaongeza ujira, akajenga majengo yenye kuta za vioo zilizoingiza mwanga, akaweka mabafu, chakula cha moto na wauguzi.

Mwaka huohuo alianzisha utaratibu wa mapendekezo. Patterson alikuwa ametambua kwamba wazo la fundi lilikufa kwa msimamizi wake wa karibu. Msimamizi aliweza kulipuuza, au kulichukua likawa lake, au kumwona mtoa wazo kama mtu anayemfundisha kazi mbele ya wenzake. Kwa hiyo karatasi za mapendekezo ziliruka ngazi ya wasimamizi na kufika kwa uongozi, na zawadi zilitolewa hadharani. Kiwanda, kwa fikra yake, kilipaswa kuwa na akili ya vichwa vingi.

Haifai kumfanya Patterson mtakatifu wa mambo haya. Alikuwa mtawala mkali aliyewafukuza mameneja wake ghafla, mmojawapo Thomas J. Watson, ambaye baadaye aliijenga IBM na kuchukua huko mengi aliyojifunza Dayton, mapendekezo ya wafanyakazi yakiwemo. Hata hivyo alilojua Patterson ni jambo ambalo waajiri wengi walioiga sanduku lake hawakulijua: kwamba fundi hasemi katika mahali panapomdhalilisha, hata ukimwekea sanduku la dhahabu. Mwanga, bafu na sahani ya chakula vilitangulia karatasi.

Mwaka 1898 kampuni ya Eastman Kodak, mjini Rochester, ilifuata kwa mpango wake. Tuzo ya kwanza ilikuwa dola 2, alizolipwa mfanyakazi aliyependekeza madirisha ya karakana yasafishwe ili watu waone wanachofanya. Mpango huo uliendelea karibu karne nzima, na pendekezo lake la kwanza linaonyesha vizuri mawazo ya namna hii hutoka wapi. Aliyefanya kazi gizani ndiye aliyejua thamani ya dirisha. Meneja angeweza kupita hapo kila siku bila kuliona.

Lakini mwanzo wa karne ya 20 ulileta fundisho lililoelekea upande mwingine. Frederick Winslow Taylor, mhandisi wa Pennsylvania, alichapisha mwaka 1911 kitabu chake juu ya kanuni za usimamizi wa kisayansi. Alipima kazi kwa saa ya kupimia muda, akaigawa vipande, akataka kupanga kazi kuwe jukumu la ofisi na kuitekeleza kuwe jukumu la mfanyakazi. Kwa haki yake, Taylor aliandika pia kwamba mfanyakazi atiwe moyo kupendekeza maboresho, na kwamba wazo zuri lijaribiwe na kulipwa. Waliomfuata walichukua saa wakaacha ushauri huo. Mwaka 1913 Henry Ford aliweka mstari unaotembea wa kuunganishia magari huko Highland Park, na muda wa kuunganisha fremu ya gari ukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi dakika 93. Ushindi huo wa uzalishaji ulikuwa mkubwa mno hata ukawaaminisha wengi kwamba kichwa cha mtu aliye kwenye mstari hakihitajiki. Masanduku ya mapendekezo yalibaki ukutani viwandani, yakifunguliwa na karani, na jibu likichukua miezi.

Hitilafu nyingine ilikuwa katika malipo. Mipango mingi ya Marekani ilimlipa mtu mmoja asilimia fulani ya akiba iliyopatikana. Mfumo huu ulionekana wa haki, lakini ulizaa mambo matatu mabaya. Wafanyakazi walingoja wazo kubwa la fedha nyingi na kudharau madogo. Walioshirikiana waligombana juu ya nani mwenye wazo. Na pendekezo lililopunguza haja ya watu lilimlipa mmoja huku likimfukuza jirani yake.

Aliyeliona hili kwa uwazi kuliko wengine alikuwa Joseph Scanlon, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa feleji huko Mansfield, Ohio. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kiwanda chao kilikuwa kinakaribia kufungwa. Scanlon aliwaleta mwajiri na wafanyakazi meza moja, mapendekezo yakapitiwa na kamati za pamoja za kila idara, na akiba iliyopatikana ikagawanywa kwa wote. Baadaye alifundisha katika chuo cha teknolojia cha MIT, na mpango unaobeba jina lake ukatumiwa na viwanda vingi. Ni mmoja wa watu wachache katika historia hii waliotoka upande wa chama cha wafanyakazi, na labda ndiyo maana aliuanza mpango wake kwa swali la nani atapata faida.

Vita Kuu ya Pili vililazimisha jambo lilelile kwa kiwango kikubwa. Viwanda vya silaha vya Marekani vilijaa watu wapya, wengi wao wanawake na vijana wasiowahi kushika mashine, na wasimamizi wenyewe walikuwa wageni kazini. Mwaka 1940 serikali ilianzisha mafunzo ndani ya viwanda, yaliyojulikana kwa kifupi kama TWI. Hadi vita vinakwisha mwaka 1945, zaidi ya wasimamizi milioni 1.6 walikuwa wamepitia kozi zake fupi. Kozi mojawapo ilimfundisha msimamizi kuivunja kazi katika hatua zake ndogo, kuihoji kila hatua kwa nini inafanywa, kisha kuondoa, kuunganisha, kupanga upya au kurahisisha. Mkazo ulikuwa kutumia watu na vifaa vilivyopo, kwa kuwa mashine mpya hazikupatikana. Amani iliporudi, Marekani iliuacha mpango huo. Majeshi yaliyoikalia Japani yaliupeleka huko, ukashika mizizi.

Ndipo historia hii inapofika Koromo, mji wa mkoa wa Aichi ambao sasa unaitwa Toyota. Baba wa kampuni ya Toyota, Sakichi Toyoda, hakuwa mtu wa magari. Alikuwa seremala aliyetumia maisha yake kuboresha mitambo ya kufuma nguo, na mtambo wake wa mwaka 1924 ulisimama wenyewe uzi ulipokatika, hivyo mtu mmoja akaweza kuhudumia mitambo mingi bila kuilinda kwa macho. Mwaka 1929 haki ya kuutengeneza iliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza kwa pauni 100,000. Mwanawe, Kiichiro, aliingia katika magari, na kampuni ya Toyota ikaundwa mwaka 1937.

Mwaka 1950 kampuni hiyo ilikaribia kufa. Haikuwa na fedha, iliwaachisha kazi watu zaidi ya 2,000, wafanyakazi wakagoma, na Kiichiro akajiuzulu. Makubaliano yaliyofuata kati ya uongozi na wafanyakazi yalijenga imani kwamba waliobaki hawatafukuzwa ovyo, nao wangeisaidia kampuni kupanda. Mwaka huohuo Eiji Toyoda, binamu yake Kiichiro, alisafiri Marekani kukitazama kiwanda cha Ford cha River Rouge, kilichotoa kwa siku magari ambayo Toyota ilihitaji miezi kuyatengeneza. Alirudi na vitu vichache. Kimojawapo kilikuwa mpango wa mapendekezo wa Ford. Toyota iliuanzisha mwaka 1951.

Kilichochukuliwa kutoka Marekani kilibadilika kabisa kilipopandwa Japani. Malipo yakawa madogo, kwa mawazo mengi kiasi cha kununulia chakula tu, na hivyo kishawishi cha kungoja wazo la utajiri kikaondoka. Aliyelipitia pendekezo kwanza alikuwa msimamizi wa karibu, yuleyule ambaye Patterson alimruka. Tofauti ni kwamba Toyota ilimpima msimamizi kwa wingi na ubora wa mapendekezo ya kikundi chake, hivyo kulizuia wazo la fundi kukawa ni kujidhuru. Jibu lilitolewa upesi. Na mara nyingi mtoa wazo alilitekeleza mwenyewe, akishirikiana na wenzake, kwa spana, mbao na bomba zilizopatikana karakanani. Kati ya mabadiliko yote, hili la mwisho ndilo lililokuwa na uzito mkubwa zaidi. Fundi aliyesogeza rafu ya skrubu karibu na mkono wake, akapima, akaona amepunguza hatua mbili, hakuhitaji kamati imwambie kwamba wazo ni zuri.

Taiichi Ohno, mhandisi aliyetengeneza mfumo wa uzalishaji wa kampuni hiyo kuanzia karakana ya injini, aliongeza nguvu ya pili. Alimruhusu mfanyakazi wa kawaida kuusimamisha mstari mzima kwa kuvuta kamba akiona kasoro, kama mtambo wa Sakichi ulivyosimama kwa uzi uliokatika. Kisha kasoro iliulizwa kwa nini, mara tano ikibidi, hadi chanzo chake kifikiwe. Mstari ukisimama, tatizo haliwezi kufichwa, na msimamizi hana budi kuja palipo na tatizo. Mapendekezo na kamba ya kusimamisha mstari vilitegemeana: kamba ilionyesha tatizo liko wapi, na pendekezo likaja na dawa. Katika miaka 40 ya kwanza wafanyakazi wa Toyota walitoa mapendekezo yapatayo milioni 20.

Viwanda vingine vya Japani vilikwenda njia inayofanana. Mwaka 1962 jumuiya ya wanasayansi na wahandisi wa nchi hiyo, Kaoru Ishikawa akiwa miongoni mwa viongozi wake, ilianzisha jarida la wasimamizi wa karakana na kuhimiza vikundi vidogo vya ubora. Wafanyakazi wachache walikutana kwa zamu, wakajifunza kuchora chati za makosa, wakatatua tatizo moja la kazi yao, kisha wakaeleza matokeo mbele ya wenzao. Elimu ya takwimu, iliyokuwa mali ya wahandisi wa chuo kikuu, iliteremka hadi kwa mtu aliyemaliza shule ya kati.

Mfumo huu ulikuwa na gharama ambayo wageni walioisifu Japani hawakuitaja mara kwa mara. Hiari ilipogeuka idadi inayotakiwa kila mwezi, ilikuwa kazi nyingine isiyolipwa. Vikundi vilikutana baada ya zamu, na mapendekezo yaliandikwa nyumbani usiku. Mwaka 2002 mfanyakazi kijana wa Toyota alifia kazini, na mjane wake akaenda mahakamani. Mwaka 2007 mahakama ya Nagoya iliamua kwamba saa za vikundi vya ubora na mapendekezo zilikuwa sehemu ya kazi iliyomchosha hadi kufa. Mwaka uliofuata kampuni ilitangaza kuzilipa saa hizo kikamilifu. Uamuzi huo ulichelewa, kwani zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 50 tangu mpango uanze.

Tanzania ilikuwa na jaribio lake, lililotokana na siasa ya nchi na si uhandisi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mabenki na viwanda vikubwa viliingia mikononi mwa umma, lakini mameneja walibaki na tabia za zamani. Waraka wa Rais namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza kila shirika la umma liwe na baraza la wafanyakazi, ambamo wawakilishi wao wangekaa na uongozi kujadili uzalishaji, mapato na mipango. Mabaraza yalikuwa ya kushauri tu, na wakuu wa idara walijaa ndani yake, kiasi kwamba sauti ya mtu wa mashine ilikuwa ya wachache.

Mwongozo wa mwaka 1971 wa TANU, chama kilichotawala wakati huo, ulisema kwa ukali zaidi. Ibara yake ya 15 ilikataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu, na wafanyakazi waliisoma kama haki waliyopewa kwa maandishi. Kati ya 1971 na 1973 migomo ilizuka katika viwanda vingi. Madai mengi hayakuhusu mshahara. Wafanyakazi walilalamikia lugha za matusi, mali ya umma inayotumiwa ovyo, mashine zinazooza kwa uzembe na ushauri wao kupuuzwa, na katika sehemu kadhaa waliwafungia mameneja nje ya ofisi. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikitwaa na kuendesha uzalishaji wenyewe. Issa Shivji ameyachambua matukio haya katika kitabu chake cha 1976 juu ya mapambano ya kitabaka nchini.

Wimbi hilo lilizimwa, na historia mara nyingi huliweka katika fungu la siasa peke yake. Lakini ndani ya madai yale mlikuwa na maarifa mengi ya kiufundi. Mtu anayejua kwamba mashine inaoza kwa kukosa grisi, na ambaye amesema mara tatu bila kujibiwa, ana pendekezo la uhandisi mkononi. Mgomo ulianzia pale njia ya kulifikisha ilipokuwa imezibwa. Mabaraza ya wafanyakazi yenyewe yaliendelea kuwepo, na hadi leo ni sehemu ya utaratibu wa taasisi za umma Tanzania, ingawa mengi hukutana zaidi kupitisha bajeti kuliko kujadili namna kazi inavyofanyika.

Jaribio lililoondoa shaka kwamba mfumo wa Toyota ulitegemea utamaduni wa Kijapani lilifanyika California. Kiwanda cha General Motors cha Fremont kilifungwa mwaka 1982 kikiwa na sifa mbaya: kwa siku ya kawaida zaidi ya mfanyakazi mmoja kati ya watano hakufika kazini, ulevi ulikuwa wa wazi, na malalamiko rasmi ya wafanyakazi yalirundikana kwa maelfu. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia wa General Motors na Toyota, kwa jina la NUMMI, kikiwa na chama kilekile cha wafanyakazi na wengi wa watu walewale. Walipewa timu ndogo, kamba ya kusimamisha mstari, ahadi kwamba mauzo yakishuka mameneja wataguswa kwanza, na haki ya kubuni wenyewe viwango vya kazi yao. Utoro ulishuka hadi asilimia chache. Mwaka 1991 walitoa mapendekezo zaidi ya 10,000, na zaidi ya asilimia 80 yalitekelezwa.

General Motors ilishindwa kwa miaka mingi kupeleka somo hilo katika viwanda vyake vingine. Ilituma mameneja wake kutazama, nao wakarudi na picha za kamba na mbao za matangazo. Katika kiwanda kingine kamba iliwekwa, lakini aliyeivuta alikemewa, na baada ya muda hakuna aliyeivuta. NUMMI ilifungwa mwaka 2010.

Katika Afrika Mashariki mafunzo ya mbinu za Kijapani yalipata nafasi kubwa kwanza hospitalini kuliko viwandani, na yalipitia Sri Lanka. Hospitali ya wanawake ya Castle Street, Colombo, ilikuwa imeonyesha kwamba mbinu za karakana zinaweza kupanga wodi, stoo na maabara ya nchi yenye kipato kidogo. Mwaka 2007 shirika la misaada la Japani, JICA, liliwaalika wakuu wa afya kutoka nchi kadhaa za Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, wakaone. Tanzania ilianza katika hospitali ya rufaa ya Mbeya, kisha hospitali nyingine za rufaa na za mikoa zikafuata. Hatua tano za mwanzo zilipewa majina yaliyobandikwa ukutani: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Vifaa visivyotumika viliondolewa, vilivyobaki vikapewa mahali panapojulikana, mafaili yakapangwa kwa namba na rangi.

Hatua hizo zilikuwa maandalizi. Baada yake kila kitengo kiliunda timu ndogo ya kuboresha kazi, wauguzi, watunza dawa na wahudumu wakiwa pamoja, na timu ikachagua tatizo moja lililo ndani ya uwezo wake: foleni ya dirisha la dawa, dawa zinazopita muda wake stoo, faili la mgonjwa lisilopatikana. Timu ilihesabu ukubwa wa tatizo, ikatafuta chanzo, ikajaribu dawa yake, ikahesabu tena. Mhudumu wa usafi, ambaye katika vikao vya zamani hakuwa na kiti, alikuwa mara nyingi ndiye anayejua mizunguko yote ya wodi.

Hatua ya tano, ya kushikilia, ilithibitika kuwa ngumu kuliko zote. Hospitali iliyokuwa ya mfano iliweza kurudi nyuma mganga mkuu wake alipohamishwa na mwingine akaja asiyetembelea wodi wala kuuliza timu zimefikia wapi. Kwa sababu hiyo mafunzo yaliyofuata yaliweka mkazo kwa wakuu wa hospitali na kamati za ubora, wanaopaswa kupita kwenye vitengo kwa ratiba na kutoa majibu papo hapo. Tangu 2013 wizara inayoshughulikia viwanda nayo imekuwa ikipeleka mafunzo ya aina hiyo kwa watengenezaji wa bidhaa nchini, wadogo na wa kati, kwa kutumia wakufunzi wa Kitanzania wanaokaa na wafanyakazi kwenye mashine zao.